Je, Ifakara inahitaji ndege za jeti?

Ndugu msomaji, mabishano ninayotaka kukusimulia leo hayakufanyika bungeni wala katika kikao cha halmashauri. Yalifanyika barazani kwa marehemu baba yangu, Kivukoni, kilometa chache kusini mwa mji wa Ifakara, jioni ya siku tuliyomaliza arobaini yake. Wageni wa mbali walikuwa wameshaondoka. Tuliobaki tulikuwa watu wa nyumba moja: kaka yangu mkubwa, ambaye ni mkulima wa mpunga, shangazi yetu, mzee sana sasa, wake na watoto wa ndugu, na mimi, mhazili wa ofisi mjini, niliyekuja kwa likizo ya siku saba.

Aliyeanza ni mwanangu. Nasema mwanangu, ingawa sikumzaa mimi. Mama yake alikuwa mdogo wangu, naye alifariki usiku uleule mtoto alipozaliwa. Nikamchukua, nikamlea, naye hadi leo ananiita Mama Mkubwa. Kazi yake ni kununua mchele Ifakara na kuupeleka Dar es Salaam. Siku hiyo alikuwa ametoka mjini, na huko kwenye kijiwe cha kahawa alisikia watu wakisema kwamba uwanja mdogo wa ndege wa Ifakara ungepanuliwa, ndege za jeti zingeweza kutua. Haukuwa mpango wa mtu yeyote mwenye madaraka. Yalikuwa maneno ya kahawa tu. Lakini kijana alirudi nayo nyumbani yamemjaa kifuani.

"Mama Mkubwa," akaniambia, "bonde hili litabaki nyuma mpaka siku jeti itakapotua hapa."

Kaka akamjibu kabla yangu: "Itatua wapi? Juu ya mpunga wangu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa na la kusema, tena nilidhani kwamba katika baraza zima hakuna aliyelijua jambo lile kama mimi.

KELELE

Mji ninakoishi una uwanja wa ndege unaopakana na nyumba za watu. Sina haja ya kuutaja, maana miji ya namna hiyo katika Afrika Mashariki si mmoja wala miwili. Zamani zilikuwa zikija ndege ndogo na zile kubwa kidogo zenye mapanga mbele, ambazo vijana wetu wanaziita pangaboi. Tulizisikia, tukazizoea, kama mtu anavyozoea mashine ya kusaga ya jirani. Kisha zikaja jeti.

Jeti ikiondoka, mabati ya nyumba yangu hutetemeka. Mtoto aliyelala hushtuka. Ukiwa unazungumza na mtu, mnanyamaza wote wawili, mnatazamana, mnangoja ipite, ndipo mnaendelea, na mara nyingine mmesahau mlikuwa mnasema nini. Mwalimu wa shule iliyo jirani aliwahi kuniambia kwamba amejifunza kusimamisha somo bila kukasirika. Simlaumu mtu. Ndege haiwezi kuruka kimyakimya, na abiria wanayo haki ya kusafiri. Nawaeleza tu jinsi ilivyo, kwa sababu anayeisifu jeti kwa kawaida ni yule aliyeketi ndani yake, wala si yule aliye chini yake.

Nikawaeleza pia kwamba kelele si jambo la pekee. Ndege ndogo ya kubeba watu kumi na kidogo huridhika na njia ya kurukia isiyofika kilometa moja, hata ikiwa ya udongo ulioshindiliwa vizuri. Jeti ya abiria mia moja na zaidi hutaka karibu kilometa mbili za lami ngumu, na zaidi ya hapo ikiwa imejaza watu na mafuta. Hutaka uzio, taa, gari la zimamoto na watu wake, na anga wazi pande zote mbili, pasipo mnara wala ghorofa. Injini yake huvuta hewa kwa nguvu kubwa. Kokoto ikifuata hewa hiyo, injini huharibika. Ndege wa porini vilevile. Nasi tunakaa ukingoni mwa bonde la maji ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, karibu hekta laki nane, lenye yangeyange, korongo na bata maji wasiohesabika. Wakati wa masika wanapita juu ya mashamba makundi kwa makundi. Nani atawafundisha ratiba ya jeti?

HESABU YA DAKIKA

Mwanangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mama Mkubwa, si ndizo ndege za siku hizi? Tubaki na pangaboi wakati dunia imeendelea?"

Hapo nikamkumbusha kwamba jeti si jambo jipya kwetu. Jeti ya kwanza duniani kubeba abiria kwa safari za kawaida, aina ya Comet, iliondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe. Kwa hiyo Afrika Mashariki iliiona jeti ya abiria kabla ya miji mingi ya Ulaya. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa na Comet zake tangu mwaka 1960, na lilipovunjika mwaka 1977 likazaliwa Shirika la Ndege la Tanzania, ambalo halikupita muda mrefu likawa na Boeing zake. Lakini shirika hilohilo liliendelea kutumia ndege za mapanga kwa miji midogo. Hawakufanya hivyo kwa ushamba. Walipiga hesabu.

Nikachukua kijiti, nikaipiga hesabu hiyo mchangani. Kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka angani, ni kilometa mia tatu na kidogo. Jeti iendayo kilometa 800 kwa saa ingeimaliza safari hiyo kwa dakika ishirini na nne hivi, kama ingeweza kushika mwendo wake wote katika njia fupi namna ile, nayo haiwezi. Pangaboi kubwa iendayo kilometa 550 kwa saa ingetumia dakika thelathini na nne. Tofauti ni dakika kumi. "Dakika hizo kumi," nikasema, "utazipoteza zote ukingoja mzigo wako ushushwe."

Kaka akapiga kofi gotini. Nikajiona nimeshinda.

MIJI YA WENZETU

Basi, kwa kuwa nilikuwa nimenogewa, nikaendelea kuwatajia mifano ambayo nimeikusanya tangu jeti zianze kupita juu ya paa langu.

Mbeya walikuwa na uwanja wao ndani ya mji, umebanwa na nyumba. Hawakuulazimisha kuwa mkubwa. Walijenga mwingine nje ya mji, Songwe, wenye njia ya zaidi ya kilometa tatu, nao ukaanza kutumika Desemba 2012. Dodoma ilichukua njia mbili. Serikali ilipohamia huko, mwaka 2016 uwanja ulio katikati ya jiji ulirefushwa kutoka mita 2,000 hadi mita 2,500, na jeti zikaanza kutua. Lakini ikaamuliwa pia kujenga uwanja mpya Msalato, nje ya jiji, wenye njia ya kilometa 3.6. Maana yake ni kwamba waliona urefushaji ule ulikuwa dawa ya muda.

Ng'ambo nako wamebishana. London wana uwanja mdogo katikati ya jiji, uliofunguliwa mwaka 1987 kwa ndege za mapanga pekee. Jeti za kwanza ziliruhusiwa mwaka 1992, baada ya njia kurefushwa, tena kwa masharti: hazipiti usiku, na kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana uwanja unafungwa ili watu wapumzike. Baadaye wenye uwanja waliomba abiria zaidi na saa zaidi. Mwaka 2024 serikali ikawapa abiria, ikawanyima saa za Jumamosi.

Na Toronto, huko Canada, wana uwanja juu ya kisiwa mbele ya jiji. Mwaka 1983 ulitiwa saini mkataba wa kukataza jeti kutua pale. Mwaka 2013 kampuni moja iliomba mkataba ubadilishwe, kwa hoja kwamba imepatikana jeti mpya yenye kelele kidogo. Watu wa jiji waligawanyika pande mbili, na mwishoni mwa mwaka 2015 serikali ya nchi ikakataa. La ajabu ni kwamba jeti ile iliyokataliwa ni ya ukoo mmoja na hizi za Airbus A220 ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuzipokea Desemba 2018. Mashine inayoshangiliwa kwetu ndiyo iliyopigiwa kelele kwao.

Niliposema hayo nilinyamaza nikanywa maji, kama mtu aliyemaliza hotuba.

Mwanangu akasema taratibu: "Mama Mkubwa, naomba kuuliza. Je, ni kweli kwamba kile kiwanja chako cha kujenga, ulichonunua mjini ili ustaafie, kipo upande zinakopita ndege?"

Ndugu msomaji, sikuwa na pa kujificha. Ni kweli. Nilikinunua kwa bei nafuu, na sikuuliza kwa nini bei ilikuwa nafuu. Nilikuwa nimesimama mbele ya baraza zima nikitetea usingizi wa wananchi, kumbe nilikuwa natetea pia usingizi wangu mwenyewe. Mtoto uliyemlea hujua mahali unapoficha funguo.

USIKU WA MTONI

Lakini hakunicheka. Alisema jambo ambalo lilitunyamazisha wote.

"Kila mtu hapa husema tusubiri. Babu aliposikia habari za daraja alisema tusubiri, litawaua watu wa Kivukoni kwa njaa. Leo ninyi mnasema jeti isubiri. Mimi nilizaliwa ndani ya mtumbwi, mama yangu akafa, kwa sababu ya kusubiri."

Lazima nieleze, maana wasomaji wengi wa mjini hawaujui mto wetu. Mto Kilombero unapita kati ya Ifakara na nchi ya Ulanga na Malinyi. Kwa miaka mingi njia ya kuuvuka ilikuwa kivuko, na ndiyo maana mahali hapa huitwa Kivukoni. Baba yangu alikuwa Mndamba, mtu wa maji, mpiga kafi tangu utotoni. Kivuko kilipokuwa kizima, magari yalipanga foleni. Akina mama waliuza samaki wa kukaanga, ndizi na uji. Nasi watoto tulisomeshwa kwa senti za foleni ile. Mto ulipofurika, au giza lilipoingia, kila mtu alingoja.

Mdogo wangu aliolewa ng'ambo, upande wa Lupiro. Mwezi wa Aprili mwaka 1994 mto ulikuwa umejaa. Uchungu ulimshika mchana, ukawa mbaya jioni. Wakamleta hadi ukingoni kwa mkokoteni wa ng'ombe, ili avushwe kwenda hospitali ya Ifakara. Walifika usiku. Kivuko hakikuwa kikivuka usiku katika maji yale, wala sidhani kwamba mwenye akili angekivusha. Wakawasha moto, wakapiga kelele. Baba aliusikia ukelele ule kutoka upande wa pili, akaijua sauti ya mkwewe. Akaingia mtumbwini peke yake.

Alimvusha. Mtoto alizaliwa kabla hawajagusa ukingo wa huku. Mimi nilikuwa nimekuja likizo. Niliwapokea kwa taa ya chemli. Damu ilikuwa nyingi. Tukatafuta gari, likapatikana alfajiri, naye alikuwa ameshatutoka. Nilimfunga mtoto kwa kanga yangu. Huyo ndiye aliyekuwa akibishana nami barazani.

Baba hakuwahi kuuzungumza usiku ule. Lakini ni kweli kwamba miaka mingi baadaye, maneno ya daraja yalipoanza, yeye alilipinga. Alihesabu akina mama wauza samaki, alihesabu wapiga kafi, akasema watakula nini? Januari 2016 kivuko kilipozama mtoni kwa upepo na mvua, alinyamaza. Tarehe 5 Mei 2018 daraja lilizinduliwa, mita 384 za zege, likapewa jina la Magufuli. Wiki chache baadaye nilikuja, akaniomba nimshike mkono tulivuke kwa miguu. Katikati alisimama, akayatazama maji kwa muda mrefu. Akasema, "Laiti lingekuwapo mwaka ule." Hakuongeza neno, nasi tukarudi nyumbani.

Meza nyingi za samaki za Kivukoni zimepungua tangu hapo, kama alivyosema. Alikuwa sahihi juu ya samaki. Na daraja lilikuwa sahihi pia.

TULICHOAFIKIANA

Nilimuuliza mwanangu: "Usiku ule, jeti ingemfaa nini mama yako?"

Alifikiri kwa uaminifu. Akasema: "Isingemfaa. Isingeweza kutua Lupiro."

"Na pangaboi?"

"Nayo isingetua."

"Basi ni nini kingemfaa?"

Shangazi, ambaye alikuwa kimya jioni nzima, ndiye aliyejibu: "Mkunga karibu. Daraja. Gari. Damu hospitalini. Kwa mpangilio huohuo."

Nadhani hapo ndipo mabishano yetu yalipopata njia. Tuligundua kwamba mimi na yeye tulikuwa tukiusema usiku mmoja kwa maneno mawili tofauti. Yeye anataka jeti kwa sababu hataki tena mtu wa bonde angoje. Mimi naikataa kwa sababu naogopa kwamba fedha na ardhi zitakwenda kwenye kitu kikubwa cha kutazamwa, na aliye ukingoni ataendelea kungoja palepale.

Nikamtajia tena Toronto, lakini safari hii sehemu niliyokuwa nimeiruka. Mkataba ule wa kukataza jeti uliacha mlango mmoja wazi: jeti iliyobeba mgonjwa iliruhusiwa kutua. Hata wale waliopigania utulivu wao hawakutaka utulivu ununuliwe kwa uhai wa mtu. Na jirani zetu wa Nairobi wametuonyesha jambo hilo kwa vitendo. Uwanja wa Wilson, uliozungukwa na jiji, ndio kituo cha madaktari wa ndege wa AMREF, kazi iliyoanza mwaka 1957. Kilichowafikisha madaktari hao katika vijiji vya mbali kwa miaka mingi ni ndege ndogo, zinazoweza kutua mahali ambapo jeti kubwa haiwezi hata kuota.

Lakini ndege ndogo nayo ina mahitaji yake, na mambo ya Bukoba yatukumbushe. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikitaka kutua pale katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja, na watu 19 wakafa kati ya 43 waliokuwamo. Haikuwa jeti, ilikuwa ya mapanga. Na waliowahi kufika kuokoa walikuwa wavuvi wenye mitumbwi yao. Baba yangu angekuwa hai asingeshangaa. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kukataa jeti ni kuwa salama. Usalama ni njia kavu isiyozama masika, uzio wa kuzuia mbuzi, vifaa vya kumwambia rubani hali ya hewa, taa za usiku, na watu waliofundishwa kuokoa.

Tuliafikiana hivyo: kwanza njia imara ya ndege ndogo na pangaboi, ya kutumika mwaka mzima, hata usiku kwa ajili ya wagonjwa. Mchele wa mwanangu una barabara ya lami ya Kidatu na una reli ya TAZARA, hauhitaji mabawa. Jeti ingoje mpaka wawepo abiria wa kuijaza.

Hata hivyo, kijana alinishinda kwa jambo moja, nami naliandika hapa kwa kuwa nilimwahidi. Alisema: "Sawa, Mama Mkubwa, jeti isije sasa. Lakini msijaze nyumba pembeni mwa uwanja mpaka wajukuu wakose hata nafasi ya kubishana. Mbeya walilazimika kuhama kwa sababu mji uliwabana. Acheni ardhi."

Aliposema "msijaze nyumba" alinitazama mimi.

Ndugu msomaji, najua wengi wenu mnaweka akiba kidogo kidogo kutoka mshahara ili mnunue kiwanja cha uzeeni, kama nilivyofanya. Nawaomba jambo moja. Kabla hujatoa fedha, nenda ofisi ya ardhi ukaulize mipaka ya uwanja wa ndege ipo wapi leo, na imepangwa kufika wapi kesho. Kisha simama pale penye kiwanja, inua macho, utazame angani. Mimi sikufanya hivyo. Kiwanja changu bado kipo, kimeota majani, na mwaka huu nimempa kaka yangu apande mahindi. Nyumba nitaijenga Kivukoni, mahali pa baba, ambapo usiku husikii kitu isipokuwa vyura, na magari yanayovuka daraja bila kusimama.